Kabureta Sita na Mpira wa Mita Moja

Gari lile lililetwa juu ya lori, limefunikwa turubai, na kwa jinsi lilivyokuwa fupi kwenda juu nilidhani wameniletea jeneza la mtu mnene. Mwenyewe alishuka, akavuta kamba, turubai likaanguka. Lilikuwa rangi ya karoti, limeinama mbele kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Paa lake lilinifika kiunoni. Milango miwili, viti viwili, na injini iko nyuma ya viti, pale ambapo watu wengine wote huweka mizigo.

"Silinda kumi na mbili," mwenyewe akasema taratibu, kama anayetaja idadi ya watoto wake.

"Na kabureta?"

"Sita."

Nikainama nichungulie.

Alikuwa rubani mstaafu, mzee mrefu mkavu, shati limepigwa pasi mpaka ndani ya kola. Gari alilinunua likiwa tayari limezeeka, kwa mtu aliyelinunua kwa mtu mwingine, na kwa miaka sita lilikuwa limekaa tu bandani kwake. Mafundi watatu walikuwa wamekwisha kulishika. Wa kwanza alisema liko sawa. Wa pili alisema wa kwanza ni mwongo. Wa tatu aliliwasha, akasikia linavyokohoa, akaaga kwamba anaenda kunywa chai, na hadi leo anakunywa.

"Wameniambia nimtafute Sikio," Rubani akasema. "Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

Hilo ndilo jina langu kwa watu wa magari. Shule niliiacha mapema, kusoma kwangu ni kwa kuungaunga, lakini tangu ujana wangu ukiniwashia injini nikafumba macho nitakwambia plagi ipi haichomi. Watu walikuwa wanakuja kunijaribu kama mchezo. Wananifunga kitambaa usoni, wanachomoa waya mmoja, mimi nataja namba. Sikukosea hata mara moja. Ndiyo sababu nikaitwa hivyo, na ndiyo kazi iliyonijengea nyumba.

Sasa Rubani alikuwa amesimama upande wangu wa kulia, na nusu ya maneno yake niliyasoma mdomoni. Sikio langu la kulia lilikuwa linakufa. Lilianza kama pamba, likawa kama mlango uliofungwa, na mwaka huo lilikuwa ukuta, sauti nakuja kuzisikia zimechoka, zimetoka mbali. Sikumwambia mtu. Ungesema nini? Mpishi aliyekosa ulimi anamwambia nani?

"Nakupa wiki tatu," Rubani akasema. "Jumamosi ya tatu, saa nne asubuhi, nakuja. Kuna bwana mmoja ana ukumbi wa vioo, anakusanya magari ya namna hii. Injini hata haitaki. Ataing'oa, aweke taa ndani, watu wapite wakiangalia. Likitulia halitoki kwangu. Lisipotulia nampa. Siwezi kuendelea kuliangalia likioza."

"Na wewe mwenyewe unalitakia nini?"

Akafikiri. "Nilipostaafu sikukosa kitu isipokuwa kimoja. Ile sekunde magurudumu yanapoachana na ardhi. Gari hili linayo. Iko gia ya tatu."

Nikampa mkono. Nilijua nikishindwa, mji mzima wa mafundi utasema Sikio hasikii, na watakuwa wamesema kweli.

*

Gereji yangu iko nyuma ya nyumba. Paa ni la mabati ya zamani, lina matundu ya misumari, na jua likipanda matundu yale yanaangusha vidoa vya mwanga chini. Asubuhi vidoa vinakuwa kwenye meza ya spana, mchana vinakuwa katikati, jioni vinapanda ukutani na kutoweka. Wiki ile ya kwanza vilikuwa vinatembea juu ya gari la karoti kama samaki wadogo juu ya jiwe, na mimi chini yake, chali, natazama juu. Ukikaa chini ya gari muda mrefu huwezi kusema kama saa imepita au dakika kumi.

Nilianza kwa kuondoa. Petroli ya zamani ilitoka nzito, rangi ya chai iliyolala, inanuka vanishi. Mipira ya maji ilivunjika mkononi kama maganda ya mayai. Kwenye boksi la chujio la hewa nilikuta panya walijenga nyumba, wakazeekea humo, wakaihama. Kiota kilikuwa cha nyuzi za zulia na vipande vya karatasi, na kipande kimoja kilikuwa cha ramani. Hakikuwa na mji wala barabara, mto tu, mstari wa buluu unaotoka pembe moja kwenda nyingine. Nilikibandika ukutani. Sijui kwa nini.

Oili, plagi kumi na mbili, mipira mipya, breki. Plagi mbili za nyuma huzioni kabisa. Unapitisha mkono kwa chini mpaka begani, unafumba macho, unapapasa kama mkunga. Maji nayo yana hadithi yake. Rejeta iko mbele, injini iko nyuma, na bomba linapita chini ya miguu ya dereva safari nzima. Hewa ikinasa humo injini itachemka. Kwa hiyo unainua pua ya gari kwa jeki, unalegeza skrubu ndogo kule juu, na unasubiri. Povu linatoka. Unasubiri. Povu lingine. Mara moja nililala nikisubiri. Niliota nimekuwa mdogo kama mchwa, natembea ndani ya mabomba ya gari lile, marefu na safi kama vijia vya hospitali, na upepo ulikuwa unavuma lakini naujua kwa shavu moja tu.

Niliamshwa na mke wangu.

Yeye ni fundi cherehani. Chumba chake cha kushonea kina dirisha linaloangalia gereji, na miaka ishirini na miwili tumefanya kazi hivyo, yeye na cherehani lake ndani, mimi na vyuma vyangu nje, tunarushiana maneno dirishani.

"Mke mwenzangu kaamkaje leo?" akauliza.

"Vizuri. Nimemvua mipira yote."

"Mbele ya dirisha langu! Huna haya."

"Njoo basi, nahitaji mguu wako."

Kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya watu wawili, na mguu wa pili siku zote umekuwa wake. Akajikunja, akaingia, akajikuta amenyooshwa miguu kana kwamba yuko kitandani.

"Hapa mtu amekaa au amelala?"

"Ndivyo lilivyo."

"Na pedali zimehama! Ziko katikati."

"Gurudumu limechukua nafasi yake. Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nimeshikilia."

"Achia."

Tulizunguka magurudumu yote manne hivyo. Kanyaga, shikilia, achia. Sikuhitaji kumwangalia, wala yeye kuniangalia. Nimesikia watu wanasema juu ya ndoa mambo mengi makubwa. Mimi naijua kama hiyo pedali, jinsi inavyoanza laini kama mkate na taratibu inakuwa ngumu, unajua hewa imekwisha.

*

Jumatatu ya wiki ya mwisho nililiwasha. Lilizunguka, likakohoa, likatema moshi mweupe, halafu silinda moja ikakubali, ikafuata ya pili, zikaanza kuamshana kama watu wa nyumba moja asubuhi. Bati la paa likatetemeka. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anayepaka rangi magari jirani hapo, alikuja mbio na bomba la rangi mkononi.

"Shemeji, umefufua!"

"Bado. Sikia linavyochechemea."

"Mimi nasikia radi tu."

Sasa nieleze kidogo, kwa sababu hapa ndipo penyewe. Kabureta ni koo. Injini inavuta pumzi kupitia hapo, na pumzi inapopita inatoa sauti, sss. Makoo yote yakivuta sawa, injini inatulia. Moja likivuta kuliko wenzake, injini inapepesuka. Basi unachukua mpira wa mita moja, ncha moja unaweka sikioni, ncha nyingine unaisogeza kwenye mdomo wa kabureta. Unasikiliza. Unageuza skrubu. Unahamia ya pili, unailinganisha na ya kwanza. Ndiyo kazi yote. Gari la kawaida lina kabureta moja, hakuna cha kulinganisha. Hili lilikuwa na sita, tatu kushoto, tatu kulia.

"Kuna kidude cha kupimia," shemeji akasema. "Unakibandika pale juu, kinakuonyesha namba. Duka la kule kona wanaagiza."

"Kipimo ninacho." Nikagusa sikio. La kushoto, nakumbuka.

"Haya, bwana Sikio. Mimi nilikuwa nasaidia tu."

Jumanne nilisikiliza na kugeuza. Jumatano nilisikiliza na kugeuza. Kila nilipomaliza makoo yote sita yalinipa sauti moja, naapa, sawasawa kabisa, na kila nilipochomoa mpira nikarudi nyuma, injini ilikuwa inayumba kama meza iliyovunjika mguu, na ekzosi moja inapiga mshindo. Nikasema ni uchafu. Nikazifungua kabureta zote, nikazitandaza kwenye shuka jeupe, nikapuliza kila tundu mpaka midomo ikavimba. Nikarudisha. Vilevile. Alhamisi nikazifungua tena.

Shemeji alipita mara mbili bila kusema kitu, na shemeji akinyamaza ujue hali ni mbaya.

Alhamisi jioni, vidoa vya jua vikiwa vimekwisha kupanda ukutani, nilikaa kwenye tairi nikajiambia ukweli. Tumaini langu lilikuwa kwamba sikio zima linatosha kwa mawili. Basi halitoshi. Niliona ule ukumbi wa vioo, gari limesimama humo, taa ya bei ndogo inawaka pale injini ilipokuwa, na mimi nimesimama kando yake, nimewekewa taa kifuani. Watu wanapita. Hakuna anayesikia kitu.

Sikula vizuri. Mke wangu alinitazama, akatoa sahani.

*

Ijumaa asubuhi nilianza upya kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Nikawasha, nikainama kushoto, mpira sikioni, moja, mbili, tatu. Nikazunguka nyuma, nikainama kulia, nne, tano, sita. Nikazunguka tena. Sijui nilizunguka mara ngapi. Nilipoinua kichwa mke wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji, sentimita yake ya kupimia shingoni, na cherehani nyuma yake limenyamaza. Sikuwa nimesikia liliponyamaza.

Akaniashiria nizime. Nikazima.

"Baba watoto," akasema, "nimekutazama pale dirishani tangu nimalize kola. Niulize kitu?"

"Uliza."

"Ukiwa upande huu unaweka mpira kwenye sikio hili. Ukienda upande ule unauhamishia sikio lile. Ndivyo inavyofanywa?"

Nikautazama mpira mkononi mwangu.

Mfuniko wa injini wa gari lile unafungukia nyuma, bawaba zake ziko mbele, karibu na viti. Ukiinama kutokea kushoto, mfuniko unakubana upande wa sikio la kushoto, kwa hiyo mpira unaupeleka kulia. Ukiinama kutokea kulia, mambo yanageuka. Mwili unachagua wenyewe, hauulizi. Mwaka mzima nilikuwa nahama viti mezani, nageuza shingo watu wakizungumza, napokea simu kwa mkono wa kushoto, nalificha sikio langu kwa kila mtu. Lakini mwili wangu sikuwa nimeuambia. Mikono ilikuwa inafanya kazi kama ilivyofanya miaka thelathini.

Kabureta tatu nilizisikiliza kwa sikio zima. Tatu nyingine nilizisikiliza kupitia ukuta, na kwa kuwa zilikuja dhaifu, nilizifungua, nikazifungua, mpaka zilipolingana na zile. Nusu ya injini ilikuwa inanong'ona na nusu inapiga kelele, na mimi nilisikia kitu kimoja.

Nikakaa kwenye tairi.

"Hili la kulia limekwisha," nikasema. "Lina mwaka sasa."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Mwaka mzima natembea kushoto kwako, nalala kushoto kwako. Ulidhani ni nini?"

"Nilidhani ni mapenzi."

"Ni mapenzi pia," akasema. "Lakini kushoto kuna dirisha, napigwa na baridi. Ungeniambia tungehamisha kitanda."

Nikacheka bila kutaka. Halafu nikaona nikiendelea kucheka nitalia, nikajikaza.

"Nitasikiliza zote kwa la kushoto," nikasema.

"Sawa. Utaingizaje kichwa pale?"

Nikajaribu. Shingo ilinipinda kama bata anayechinjwa, macho yakaangalia paa, skrubu siioni, mkono haufiki. Nikatoka na masizi puani.

"Lete huo mpira," akasema.

"Huu si uzi na sindano, mama watoto."

"Sindano ikiwa butu naijua kabla haijaharibu kitambaa, na kelele zako zote za huku zinaingia dirishani. Lete mpira. Nimekuwa mguu wako miaka ishirini na miwili, sikio ndilo litanishinda?"

Akaifuta ncha ya mpira kwa upindo wa gauni, akaitazama kwa mashaka, akaitia sikioni. Nikawasha. Nikachukua bisibisi ndefu, nikasimama upande wa pili, na kati yetu ile injini ilikuwa inapepesuka na joto lake linapanda.

"Ya kwanza," nikasema. "Inasemaje?"

Akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, na uso wake ukawa ule wa kupitisha uzi kwenye tundu.

"Huyu anakunywa chai ya moto," akasema.

"Nini?"

"Anavuta kidogo kidogo. Fff, fff. Kama anaogopa kuungua."

"Ya pili?"

"Huyu ni pasi ya mvuke."

"Ya tatu?"

"Wa tatu ana mafua. Kuna kitu kinamkwaruza puani."

Nikageuza skrubu robo. "Na sasa?"

"Amepenga."

Ndivyo tulivyokwenda. Mwanzoni nilikuwa nauliza namba, nauliza zaidi au pungufu, na yeye ananijibu kwa vitu vyake, upepo chini ya mlango, mtu anapuliza makaa, mtoto anakaribia kulala. Baadaye nikaacha kuuliza. Nilifumba macho mimi pia. Vidoa vya jua vilikuwa vinatupita migongoni, navisikia kwa ngozi. Yeye anasema, "Mpunguze," napunguza. Anasema, "Mwache huyo, amesharidhika," namwacha. Sikio langu lilikuwa upande wa pili wa injini, limevaa gauni, na kila lilichokisikia kilikuja kwangu kikiwa kimekwisha kuwa maneno. Sikujua injini zina maneno hayo. Miaka thelathini nilizijua kwa namba.

Tulirudi kwenye chai ya moto, tukarudi kwenye pasi. Jua likafika katikati. Halafu nikahisi kitu miguuni, saruji ikatulia, kama mashua inapoingia kwenye maji mapana. Nikafumbua macho. Juu ya meza ya spana kulikuwa na bakuli la oili chafu. Asubuhi yote lilikuwa linajaa mawimbi madogo. Sasa lilikuwa kioo, na ndani yake tundu moja la paa linang'aa kama nyota.

"Vipi?" nikauliza.

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa ametoa mpira sikioni, anasikiliza hivihivi.

"Wote wanasema neno moja," akasema.

*

Jumamosi saa nne kamili Rubani alifika, shati limepigwa pasi. Shemeji naye alikuja, akijifanya anatafuta brashi yake. Mke wangu alikuwa ndani, nyuma ya dirisha, ana gauni la mtu la kumaliza.

Niliwasha. Rubani alisimama mita tatu nyuma ya gari, mikono mgongoni, akasikiliza kwa muda uliotosha mimi kukumbuka madhambi yangu yote. Kisha akafungua mlango, akainama, akabonyeza pedali ya mafuta kidogo kwa mkono, na sauti ikapanda kama kitambaa cha hariri kinachovutwa mezani, ikashuka, ikatulia palepale ilipotoka. Mzee alikuwa na machozi. Hakuyafuta.

"Sikio," akasema. Akanishika bega. "Walisema kweli. Nitamwambia kila mtu ninayemjua. Hakuna mwingine. Sikio lako ni la ajabu."

Shemeji akanikonyeza. Nilichotakiwa kufanya ni kusema asante. Jina langu lilikuwa pale, zima, limesafishwa, nimepewa mkononi. Nikatazama dirishani. Mke wangu alikuwa ameinamisha kichwa, anakata uzi kwa meno, kama mtu asiyehusika.

"Si sikio langu," nikasema.

"Vipi?"

"La kulia limekufa. Nilikuharibia gari lako siku nne kwa ajili yake, nikiona haya kusema. Mimi niligeuza skrubu tu. Aliyesikia ni yule." Nikaonyesha dirishani. "Ukitaka kumwambia kila mtu, uwaambie hivyo."

Shemeji alisahau anatafuta nini. Ndani, uzi ulibaki kwenye meno.

Rubani alinitazama, akatazama dirisha, akanitazama tena. Nilijiandaa kwa lolote.

"Miaka yangu yote ya kurusha," akasema, "kulikuwa na mtu kwenye kiti cha pili. Yeye anasoma, mimi nashika usukani. Siku nyingine mimi nasoma, yeye anashika. Abiria hawakuwahi kuuliza nani." Akapiga paa la gari kofi dogo. "Gari linabaki. Lakini likitembea linaongea lugha nyingine, hilo wewe unalijua kuliko mimi. Nani atalisikiliza barabarani?"

"Mimi?" mke wangu akasema dirishani. "Nina gauni la watu hapa!"

"Dada, nenda!" shemeji akapiga kelele. "Gauni nitalishona mimi!"

"Wewe? Utalipaka rangi!"

Akatoka hata hivyo. Alivua sentimita shingoni, akanipa niishike. Akajikunja, akaingia, akanyoosha miguu, na kabla mlango haujafungwa nilimsikia akimwambia Rubani, kwa sauti ya mtu anayejua, "Hapa mtu hakai, analala."

Wakaondoka. Gari lilitoka getini polepole kama mtu anayetoka chumbani mtoto akiwa amelala, likashika barabara, likawa doa la karoti, likaisha.

Nilisimama getini. Shemeji alikuwa kuliani kwangu, anaongea. Nadhani alikuwa ananiuliza tangu lini. Sikugeuza shingo kujifanya nimesikia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwaka mmoja sikufanya hivyo, na kumbe ni pumziko kubwa. Upande wangu wa kulia dunia ilikuwa kimya, si kimya kibaya, kama chumba chenye mashuka yaliyokunjwa. Nikaweka kiganja kwenye geti la chuma, kwa kuwa lilikuwa karibu tu.

Ikapita dakika ishirini au saa nzima. Halafu geti likaanza kunong'ona mkononi mwangu. Sikio halikusikia kitu bado, barabara ilikuwa tupu. Lakini chuma kilikuwa kinajua. Mtetemo ulikuwa mwembamba, sawa, haupepesuki, ukapanda kidoleni, kiwikoni, ukaingia kifuani, na mahali fulani humo ukapanda ghafla, ukawa mwepesi, kama kitu kilichoachana na ardhi. Gia ya tatu. Nilifumba macho nikaenda nao.

Walipoingia, mke wangu alitoka na nywele zimesimama upande mmoja. Rubani alikuwa anacheka peke yake garini. Mke wangu alinizunguka kwa mbele, akaja kusimama kushoto kwangu.

"Sasa?" nikauliza. "Inasemaje?"

"Inasema mengi. Nitakueleza tukikaa." Akachukua sentimita yake mkononi mwangu, akajivika. "Lakini wa tatu bado ana mafua kidogo akipanda mlima."

"Mafua kiasi gani?"

"Ya kupenga mara moja."

Nikaenda kuchukua bisibisi. Yeye akautoa mpira kwenye msumari wake.